Kosa huanza mita mia moja nyuma

Mwalimu wa udereva hukaa kiti cha kushoto, mguu ukiwa tayari juu ya pedali ya pili ya breki. Kutoka hapo makosa huonekana kabla hayajawa makosa. Askari wa trafiki huona gari likikata mstari. Aliyekaa kiti cha kushoto ameshaona, mita mia moja nyuma, kwamba dereva hajatazama kioo, hajachagua leni, na simu imelia mapajani. Hilo ndilo funzo kubwa ambalo barabara za Nairobi zimetupa sisi tunaofundisha kazi hii: kosa lina mzizi wake mbali na pale linapoandikwa. Anayetaka kuliacha alishike huko linakoanzia.

Chukua mzunguko wa Uhuru Highway na Haile Selassie, au raundabauti kama wengi tunavyosema. Unatoka upande wa uwanja wa Nyayo. Kushoto kwako ni Haile Selassie ya kupanda Community, mbele ni Uhuru Highway yenyewe, kulia ni Haile Selassie ya kushuka Railways na Muthurwa. Anayekwenda Railways anatakiwa awe leni ya kulia, indiketa ya kulia ikiwaka, kabla hajafikia mkia wa foleni. Anayekwenda moja kwa moja ashike leni ya katikati na asiwashe indiketa yoyote anapoingia. Wa kukunja kushoto abaki kushoto, indiketa ya kushoto. Mkiwa ndani, kila mmoja huwasha ya kushoto mara tu anapoipita njia iliyo kabla ya ile anayotokea. Gari lililomo ndani, linalokujia kutoka mkono wa kulia, ndilo lenye haki. Wewe wa nje unangoja.

Maneno hayo kila aliyefanya mtihani wa udereva anayajua. Kinachoharibika ni wakati. Dereva hufika mdomoni mwa mzunguko akiwa leni ya kushoto, ndipo akakumbuka kwamba anakwenda kulia. Anaingiza pua mbele ya matatu, matatu inafunga breki, pikipiki iliyokuwa katikati yao inakosa pa kwenda. Ukijikuta leni isiyo yako, ifuate inakokwenda. Panda Community, tafuta pa kugeukia, rudi. Utapoteza dakika kadhaa. Ukiwa tayari ndani na umepitwa na njia yako, zunguka tena. Mzunguko umejengwa hivyo, na hakuna sheria inayokataza kuuzunguka mara mbili.

Kuna tabia moja inayostahili kusemwa peke yake: kuwasha hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, unapoingia mzunguko ili kusema “naenda moja kwa moja”. Aliye kushoto kwako anaiona taa yako ya kushoto tu ikimweka, na kwake yeye unakunja kushoto. Aliye kulia anaiona ya kulia. Umewaambia watu wawili mambo mawili tofauti, na yote si kweli. Hazadi ni ya gari lililosimama mahali pa hatari. Hata kwenye mvua kubwa, ukiendesha huku hazadi inamweka, indiketa yako imekufa. Hakuna atakayejua unapobadilisha leni. Washa taa kubwa ukiwa umeziinamisha, inatosha.

Kwenye makutano hayo ya katikati ya jiji, mara nyingi taa zipo na askari naye yupo. Askari aliyevaa sare akitoa amri, amri yake ndiyo inayofuatwa. Kiganja kilichoinuliwa kukuelekea ni simama, hata kijani kikiwa kinawaka. Chini ya Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, kutosimama ulipoamriwa na askari ni faini ya shilingi 5,000, na kupuuza taa au alama ya barabarani ni 3,000. Ile taa ya manjano ndiyo huwapata wengi, kwa sababu wanaanza kufikiri ikiwa imeshawaka. Fikiri mapema. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unahitaji takriban mita 28 kusimama kwenye lami kavu: mita 14 kabla mguu haujafika kwenye breki, na 14 nyingine za breki yenyewe. Kwa hiyo unapoikaribia taa ya kijani, chagua mahali kiasi cha mita 30 kabla ya mstari, yaani urefu wa matatu sita za abiria kumi na wanne zikipangwa. Manjano ikiwaka hujafika hapo, simama. Ukiwa umeshapapita, endelea kwa mwendo uleule, usikanyage mafuta.

Halafu kuna kuziba makutano. Kijani kinawaka, lakini foleni ya upande wa pili haijasonga, na dereva anaingia tu kwa kuwa “ni zamu yetu”. Taa inageuka akiwa katikati. Sasa wanaotoka upande mwingine hawapiti, nao wanajisukuma hadi wamzunguke, na baada ya dakika mbili barabara nne zimefungwa na gari moja. Kizuizi hicho ni faini ya 10,000, miongoni mwa faini kubwa zaidi katika kanuni zile, na inastahili. Dawa yake ni kutazama mbali: usivuke mstari wa kusimama mpaka uone, ng'ambo ya makutano, nafasi ya kutosha gari lako zima. Aliye nyuma atapiga honi. Mwache apige.

Kuovalapu huambukizwa. Gari moja linatoka kwenye foleni na kushika kando ya barabara penye vumbi, na kabla hujahesabu kumi, mengine manane yamelifuata. Kila dereva anamwona wa mbele kama ruhusa. Kinachotokea huko mbele ni rahisi kukieleza. Leni mbili zilizopangwa zilikuwa zikipita kwa zamu. Sasa ya tatu inalazimisha kuingia, na kila gari moja linalochomekwa linasimamisha lote lililokuwa likisonga. Foleni unayoikimbia inarefushwa na hao wanaoikimbia. Mtembea kwa miguu naye, aliyekuwa na njia yake, anasukumwa mtaroni au barabarani. Kuendesha juu ya njia ya miguu ni shilingi 5,000. Kuovalapu kwa leni ya wanaokuja, kwenye barabara nyembamba kama Kiambu Road, ni kubaya zaidi, maana mkikutana uso kwa uso hakuna wa kurudi nyuma na pande zote mbili zinakwama.

Mzizi wa kuovalapu uko nyumbani. Aliyetoka Rongai saa kumi na mbili na nusu akijua lazima awe mjini saa moja na nusu ameshajiwekea mtego. Jumlisha nusu saa kwenye muda unaojua, na siku za mvua jumlisha zaidi. Dereva mwenye muda haoni haja ya vumbi la kando.

Kuhusu mwendo, hesabu yenyewe inatosha. Nairobi Expressway ina urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni 80. Kwa 80 utaimaliza kwa dakika 20 na kidogo. Kwa 100 utatumia 16. Umepata dakika 4, na mara nyingi utazirudisha kwenye foleni ya kulipa au ya kutokea. Umelipa nini kwa dakika hizo? Kwa 80, lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima, gari husimama kwa takriban mita 58, ukihesabu sekunde moja ya kushtuka. Kwa 100 linahitaji mita 84. Maana yake, pale ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, la pili bado linakwenda karibu kilomita 68 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi utakayoligonga nayo lori lililosimama mbele yako. Tunarudia mfano huu kwa kila mwanafunzi kwa sababu mwili hauihisi tofauti ya 80 na 100. Sikio linaizoea baada ya dakika chache, na jicho vilevile.

Ndani ya mji na vituo vya biashara mwendo ni 50, isipokuwa alama iseme vingine. Matatu, mabasi na malori hayapiti 80 popote pale. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kanuni zinatoa onyo. 6 hadi 10 ni shilingi 500. 11 hadi 15 ni 3,000. 16 hadi 20 ni 10,000. Zaidi ya hapo ni kortini. Kwenye Thika Road wengi hunaswa pale mwendo unaposhuka karibu na vituo vya watu wengi, kwa kuwa wanaona bango wakiwa wameshalipita. Barabara ile ina leni pana zinazokudanganya. Tazama spidomita kila unapoona daraja la miguu, na mazoea hayo yatakutosha.

Umbali nao hupimwa kwa mdomo. Chagua nguzo ya taa huko mbele. Gari lililo mbele yako likiipita, sema bila haraka: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, endelea mpaka mia moja na nne. Kuna watakaosema kwamba ukiacha nafasi Nairobi, mtu ataingia. Ataingia, kweli. Legeza mguu kidogo, nafasi itarudi. Magari matano yakiingia mbele yako kati ya Bellevue na Nyayo, umechelewa kwa sekunde kumi hivi.

Mvua inahitaji maneno yake, hasa ile ya kwanza baada ya kiangazi cha Januari na Februari. Wakati wote wa jua, lami imekuwa ikikusanya mafuta yanayovuja, vumbi, na mpira uliosagika kutoka kwenye tairi. Matone ya kwanza hayaoshi uchafu huo, yanaukoroga. Nusu saa ya mwanzo ndiyo yenye utelezi kuliko saa mbili za mvua kubwa zitakazofuata. Kwenye lami iliyolowa, breki ya kutoka 80 inaweza kuchukua mita 60 na zaidi badala ya 36, achilia mbali ule muda wa kushtuka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Gari linaloteleza huteleza zaidi ukilifungia breki huku usukani umekunjwa. Gari likianza kuelea juu ya maji, utajua kwa sababu usukani utakuwa mwepesi ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani moja kwa moja, ngoja tairi zishike. Usikanyage breki kwa nguvu. Na maji yaliyotuama, kama yale ya Mombasa Road au Outering, usiyaingie ikiwa huoni ukingo wa barabara au yakifika nusu ya tairi la gari lililotangulia. Injini ikishanyonya maji, hasara yake inazidi mbali gharama ya kungoja saa moja kwenye kituo cha petroli.

Tairi ndizo zinazoamua yote hayo, na kuzikagua si kazi ya fundi pekee. Katikati ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Mchoro wa tairi ukiwa umelika hadi kulingana na vinundu hivyo, umebaki milimita 1.6, na tairi halitoi tena maji ipasavyo. Pembeni mwa tairi tafuta namba nne zilizo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka na kupasuka hata kama haukutembea, kwa hiyo ukinunua tairi la mitumba lenye mchoro mzuri, soma namba kwanza. Upepo wake umeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi tuyanunuayo kutoka Japani huandika kwa kPa: 230 ni psi 33. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Simu ni shilingi 2,000 ukiishika gari likitembea. Kwa 50, sekunde tatu za kusoma ujumbe ni mita 42 bila macho. Ramani iwekwe kabla ya gia. Simu iwe mahali mkono haufiki. Anayekupigia akiwa na jambo zito atapiga tena, nawe utakuwa umeshapata pa kuegesha.

Mkanda ni shilingi 500 tu, na udogo wa faini hiyo umewafanya wengi wauone ni jambo dogo. Ule wa chini upite kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Wa juu upite katikati ya bega, usikate shingo. Wa nyuma naye afunge, kwa sababu asiyefunga nyuma humpiga wa mbele mgongoni. Mtoto mapajani mwa mama si salama hata kidogo. Gari likisimama ghafla hakuna mikono inayoweza kumzuia.

Pombe ni hesabu nyingine ambayo watu huifanya kwa hisia. Kanuni za kipimo cha pumzi za mwaka 2011 ziliweka mpaka wa maikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe tupu, na mwili wa mtu mzima huondoa karibu mililita 10 kwa saa. Yaani chupa moja ni saa mbili na nusu. Aliyekunywa nne na kumaliza saa sita usiku huenda hajawa safi mpaka saa nne asubuhi, na wengine huchelewa zaidi. Kahawa, supu ya mbuzi, maji baridi usoni, vyote hivyo vinakuamsha lakini haviondoi pombe. Wengi wanaopulizishwa kifaa alfajiri wakishangaa hawakunywa asubuhi. Walilala wakidhani usingizi umewasafisha. Kwa anayekutwa na hatia ya kuendesha akiwa amelewa, Sheria ya Trafiki inataja faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote pamoja. Amua nani ataendesha kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.

Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa zaidi ni watembeao kwa miguu. Wanaofuata ni wa pikipiki. Hawa wako nje ya chuma chako. Kwenye Jogoo Road kabla ya mapambazuko kuna mikokoteni isiyo na taa ikielekea sokoni, na watu waliovaa nguo nyeusi wakitembea ukingoni. Taa za gari linalokujia zikikupiga machoni, usizitazame. Shusha macho kwenye mstari wa ukingo wa kushoto na upunguze mwendo mpaka lipite, maana katika sekunde hizo huoni aliye gizani. Kwenye kivuko cha pundamilia, ukisimama, tazama kioo cha kulia. Gari la leni ya pili huenda lisimwone anayevuka mbele yako. Usimpungie mkono avuke: unamwahidi usalama ambao si wako kuutoa. Simama tu, umwache aamue mwenyewe.

Pikipiki hupita kushoto kwako, kulia kwako, na mara nyingine pande zote kwa wakati mmoja. Vioo havikuonyeshi zote. Kuna pembe ya nyuma ya bega ambayo huonwa kwa kugeuza shingo tu. Kabla hujakunja kushoto kuingia geti au petroli, washa indiketa kiasi cha mita 30 mapema, tazama kioo cha kushoto, halafu geuza shingo. Na unapoegesha Moi Avenue au Biashara Street, fungua mlango kwa mkono wa mbali. Dereva yuko kulia, mlango uko kulia, basi ufungue kwa mkono wa kushoto. Huwezi kuufikia bila kugeuza kifua, na ukigeuza kifua, macho yanageuka nyuma yenyewe. Utaiona boda kabla haijagonga mlango. Wafundishe na abiria wako: aliye kushoto atumie mkono wa kulia.

Gari likiharibika Southern Bypass jioni, hatari kubwa ni ya wanaokuja nyuma. Lisukume kushoto kadiri inavyowezekana, washa hazadi, abiria wote watoke kwa milango ya kushoto na wasimame ng'ambo ya kizuizi, nyuma ya gari, si mbele yake. Kisha pembetatu, zile tunazoziita laifseva. Kutokuwa nazo ni faini ya 3,000. Wengi huiweka hatua tano nyuma ya bampa. Kumbuka zile mita 84 za gari linalokwenda 100. Tembea ukiwa umeyakabili magari, pembetatu ukiishika mbele ya kifua, hesabu hatua 130 hivi, ndipo uiweke. Ndani ya mji hatua 65 zinatosha. Ikiwa kuna kona au kilima, iweke kabla ya kona, hata kama ni mbali zaidi. Matawi yanaweza kusaidia ukikosa kitu kingine, lakini usiku hayang'ai, na wengi huyaacha barabarani pamoja na mawe waliyozuilia tairi.

Ukibadilisha tairi, legeza nati nusu mzunguko kabla ya kupiga jeki, tairi likiwa bado chini. Ukirudisha, kaza kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, wala si kwa kufuatana. Magari mengi madogo yana tairi la akiba jembamba. Hilo hujazwa psi 60, karibu maradufu ya la kawaida, na halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Lipime kila mwezi, kwa sababu kwa kawaida hugunduliwa halina upepo siku ya kuhitajika.

Askari akikusimamisha, indiketa ya kushoto, simama mahali ambapo hamtazuia wengine, zima injini, shusha kioo, mikono ionekane. Salamu kwanza. Mpe leseni, kutoibeba ni shilingi 1,000. Akikueleza kosa, muulize kwa upole ni lipi na liko wapi katika sheria. Ikiwa umekosa, kuna njia halali: faini iliyopangwa katika kanuni, dhamana yenye risiti rasmi, au notisi ya kufika mahakamani, iwe Milimani, Makadara au Kibera, kutegemea ulipokamatwa. Fika siku hiyo, maana asiyefika hutolewa hati ya kukamatwa, na kosa la shilingi 500 hugeuka jambo jingine kabisa. Usitoe kitu kidogo. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa ana hatia sawa na anayepokea, na tena hongo haiondoi kosa, inaliahirisha hadi kizuizi kinachofuata.

Mkigongana kidogo na hakuna aliyeumia, pigeni picha za kona nne za magari, namba zake, mahali yalipo na alama za barabara, kisha yaondoeni njiani mkazungumze pembeni. Akiumia mtu, yaache yalivyo, piga 999 au 112, na usimburute aliyeumia isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya kumfikia. Ajali iripotiwe polisi ndani ya saa 24. Bila abstrakti ya polisi, yaani hati yao ya kuthibitisha ajali, kampuni ya bima itakurudisha.

Jumapili jioni, kabla ya wiki kuanza, rudisha gari nyuma mpaka karibu na ukuta wa ploti giza likishaingia. Kanyaga breki na utazame kwenye kioo cha ndani: ukutani panapaswa kuonekana madoa mawili mekundu, yenye nguvu sawa. Tia gia ya kurudi nyuma, uone mwanga mweupe. Washa indiketa moja moja. Ikimweka haraka kuliko kawaida, balbu moja ya upande huo imeungua. Balbu nyingi za breki zina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wati 21 za breki na wati 5 za taa ya usiku, kwa hiyo moja inaweza kufa nyingine ikaendelea kuwaka. Ndiyo maana dereva husema taa zake za nyuma ni nzima na bado agongwe nyuma kwenye foleni ya Waiyaki Way.